Kombe Halina Kipimo

Mama mkwe wangu alikuwa na sauti mbili. Mbele ya wageni aliniita binti yangu, na wageni wakishatoka aliniita wewe. Nilimzoea. Miaka ile ya sabini nilizoea mengi, kwa sababu nilikuwa nikimeza vidonge viwili vya njano kwa siku, na anayemeza vidonge viwili vya njano kwa siku huweza kuzoea hata jipu.

Nilikaa Oli, pale mji wa Arua unapoishia mtoni, katika nyumba ya vyumba viwili na ua. Mume wangu alikuwa sajenti kambini huko kusini. Alikuja nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka akiwa na gunia la sukari na redio mpya, kana kwamba ile ya zamani tulikuwa tumeila. Majirani walituonea wivu. Siku zile rais alikuwa mtu wa kwetu, na sisi wajukuu wa askari wa Kisudani tuliambiwa kwamba nchi nzima ni yetu. Labda. Mimi nilikuwa nashindwa kumtawala mtoto mmoja wa miaka saba.

Alikuwa msichana, wa kwanza na wa pekee. Shuleni walimrudisha wiki ya tatu pamoja na barua. Ijumaa moja, wanaume wakiwa wamesujudu msikitini, alikusanya viatu vyao vyote mlangoni akavitupa mtoni, kimoja kimoja, kwa utulivu ambao nyumbani sikuwahi kuuona. Siku nyingine alinitoroka akaenda mpaka Onduparaka walikokuwa wakicheza mpira, akalala kwenye mstari wa goli akakataa kuinuka. Wanaume ishirini na wawili wenye misuli walisimama wakimwangalia, kisha wakamtuma mtu aje kuniita mimi. Nilipofika waliniuliza huyu mtoto amelelewa wapi.

Nyumbani ilikuwa ni kelele. Sisemi kulia, maana kulia kuna mwanzo na mwisho. Alipiga kelele tangu alfajiri mpaka sauti ikamkauka, kisha akaanza kugonga kichwa ukutani. Akichoka na ukuta aligonga sufuria. Ukimshika anauma, ukimwachia anakimbia.

Ushauri niliupata bure. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa amezaa wanane, na alisimulia uzazi wake kama mtu aliyepigana vita.

"Mama, mimi nazaa nane," alikuwa akisema huku anakunywa chai yangu yenye sukari ya mume wangu. "Hata moja hakuna nafanya hivi. Mutoto nafunzwa na mukono."

Mkono wake niliuona. Watoto wake wanane walikuwa wakimsikia anakohoa wanajificha chini ya kitanda, na yeye aliita hiyo adabu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimmiminia chai nyingine ili anyamaze, na hakunyamaza.

Zahanati nilikwenda kwa ajili ya mtoto nikarudi na dawa yangu. Yule bwana wa zahanati, ambaye wote tulimwita daktari na yeye hakutukatalia, alimtazama binti yangu akipanda juu ya meza yake, akanitazama mimi nikilia, akaamua kwamba wa kutibiwa ni yule anayelia.

"Wewe ndio mugonjwa, mama," aliniambia. "Mutoto iko na nguvu tu."

Akanifungia vidonge vya kutuliza katika karatasi ya daftari. Nusu asubuhi, nusu jioni. Nilifuata maagizo yake kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha nikaanza kujiagizia mwenyewe. Zahanati ilipoishiwa, kama kila kitu kilivyokuwa kinaisha miaka ile, nilinunua kwa mama mmoja aliyevileta kwa magendo kutoka ng'ambo, Zaire, chini ya vitenge. Vilinifaa sana. Kelele ziliendelea, lakini zilikuja kwangu zimechelewa, kama mtu anayepiga kelele nyumba ya tatu. Niliunguza asida, ugali wetu. Nilijidunga sindano nikidarizi shuka, nikaitazama damu muda mrefu kabla ya kufikiri kwamba ni yangu. Watu wakasema nimekuwa mpole.

Basi mama mkwe akaja kutoka Lurujo, shambani huko Koboko. Wajukuu wote walimwita haboba, ndilo neno letu la bibi, na binti yangu alimwita hivyo pia siku alizopenda. Alikuja na kuku wawili, na sahani nyeupe iliyofungwa kwa kitambaa cha kijani. Sahani ile ilikuwa imeandikwa aya kwa zafarani, kwa mkono wa faki, mwalimu wa Kurani wa kwao. Alikuwa na nyingine nne kikapuni. Kila siku atamimina maji juu ya sahani, maandishi yayeyuke, na mtoto anywe. Ndilo kombe, kila Mwislamu analijua.

"Huyu mutoto hapana kichwa gumu," alisema wageni walipotoka. "Iko na kitu ndani. Na wewe naketi hapa, nameza dawa kama njugu, kitu nakula mutoto."

"Na kombe likishindwa, Mama?"

"Ikishindwa, mimi nabeba yeye naenda kwa faki. Yeye nasoma, na fimbo natoa hiyo kitu."

Fimbo ile niliijua. Nilipokuwa bado mwali huko Koboko nilishuhudia msichana mmoja akisomewa na faki huyo huyo. Walimlaza kifudifudi, wanawake wanne wakamshika, na kitu kilipokataa kutoka walimpiga mpaka kikatoka, au mpaka yeye akachoka kulia, na wote wakafurahi wakapika pilau. Msichana yule alichechemea mpaka alipoolewa. Nilijua binti yangu hatakubali kulala kifudifudi. Watampiga mpaka jioni.

Siku ya kwanza alilitema kombe usoni kwa haboba. Siku ya pili alilinywa akaendelea kugonga sufuria. Siku ya tatu haboba alianza kuulizia gari la kwenda Koboko.

Siku ya nne nilichukua nusu kidonge, nikakisaga kati ya vijiko viwili, nikakitia katika finjani ya kombe kabla haboba hajatoka kuswali. Ninasema nilifanya hivyo kwa sababu ya fimbo ya faki, na ni kweli. Lakini nimeshazeeka na sina wa kumwogopa: nilitaka pia kimya. Nilitaka kimya kuliko nilivyoogopa fimbo. Mtoto alikunywa, na baada ya muda akaketi. Aliketi tu, miguu ameinyoosha, akitazama kuku. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na nikajidharau papo hapo, na kesho yake nikafanya tena.

Ungemwona haboba! Alitembea Oli nzima kama aliyeteuliwa kuwa waziri. Wanawake walikuja kumtazama mtoto aliyetulia, wakamshika mashavu, na yeye akawaacha wamshike. Jirani wa wanane alikuja akaomba sahani moja kwa ajili ya mume wake.

"Maneno ya Mungu," haboba aliwaambia. "Daktari nafanya nini mwaka mbili? Hakuna. Sahani tano tu!"

"Binti yangu hakuamini," akaongeza, akinishika bega kwa upendo. Nilisema kweli, sikuamini. Nilipika kahawa ya tangawizi kwa wote, nikawapitishia, nikasikiliza sifa za faki.

Sahani zilipokwisha haboba alitumiwa nyingine, na hapo ndipo mimi nilipojiona mjanja. Nilichoka kuvizia kila asubuhi. Nikapendekeza tuzioshe sahani zote kwa pamoja, kombe la wiki nzima tulitie katika chupa moja, mtoto apewe finjani moja kila siku. Haboba aliona ni wazo zuri. Vidonge vya wiki nikavisaga nikavitia chupani, nikatikisa. Nilimwambia haboba finjani moja tu, nikarudia mara tatu, naye akanitazama kama mtu anayefundishwa kunawa.

Asubuhi ya Alhamisi nilimeza kidonge changu na kingine juu yake, kwa sababu za wakati ule ambazo sizikumbuki, nikalala. Nilipoamka jua lilikuwa juu kabisa. Nyumba ilikuwa kimya. Nilitoka uani, hakuna mtu. Jirani alichungulia juu ya ua.

"Haboba nachukua mutoto, naenda Koboko," alisema. "Harusi ya shemeji yako. Nasema wewe hapana amshwa, wewe iko na usingizi yako."

Natamani ningesema kwamba nilipiga yowe. Niliteka maji, nikachemsha chai, nikaitia sukari nyingi, nikainywa ingali moto, kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa miaka. Nikamimina kikombe cha pili. Nilipokuwa nakunywa hicho cha pili ndipo nilipotazama rafu, nikaona mahali pa chupa pako wazi.

Nilimjua mama mkwe wangu. Nilijua harusini kutakuwa na wanawake mia, na kila mmoja atataka kuona muujiza.

Siku ile sikupata gari. Petroli ilikuwa ya wanajeshi, na mimi mke wa mwanajeshi nilisimama barabarani mpaka magharibi nikipungia mkono malori yao yakinipita yamejaa magodoro. Ijumaa asubuhi nilipanda lori la tumbaku, juu ya mizigo. Toka Koboko mjini nilikwenda Lurujo kwa miguu, nusu nikikimbia, na kidonge sikuwa nimemeza, kwa hiyo kila kitu nilikisikia mahali pake na kwa wakati wake.

Uwanja ulikuwa umejaa wanawake. Wengine walipondaponda hina, wengine walikuwa wakioka kisra, mikate yetu myembamba, na redio ya mume wangu ilikuwa ikiimba dirishani, ile ya zamani. Binti yangu alikuwa amelala mkekani kando ya ukuta. Mdomo wazi. Nzi alikuwa akitembea kwenye mdomo wa chini na yeye hamfukuzi. Haboba alikuwa amepiga magoti amemwinua kichwa, finjani mkononi, anaelezea hadhira yake. Chupa ilikuwa kando yake. Ilikuwa imebaki chini ya nusu.

"Ngapi?" niliuliza. Sikuwa nimesalimia.

"Binti yangu! Karibu. Nani hesabu?"

"Mama, umempa ngapi?"

"Jana mbili. Leo, kila mugeni nakuja, mimi naonyesha." Akacheka, akawageukia wanawake. "Dawa ya daktari ndio iko na kipimo, kwa sababu iko sumu. Dawa ya Mungu haina kipimo."

Akaileta finjani mdomoni kwa mtoto. Nikaipiga teke. Nilitaka kuipiga kwa mkono, lakini mguu ulifika kwanza. Finjani ikaruka, kombe likamwagika ardhini, na chupa nayo ikaangukia upande wake ikagugumia mpaka ikakauka.

Anayejua anajua. Maji ya kombe hayamwagwi chini ambako miguu hupita. Mtu aliizima redio. Kisha wakaja mbio, wanawake watu wazima wenye hina ya maji mikononi, mmoja akavua mtandio akafunika pale palipolowa, wengine wakaanza kuchimba udongo wenye unyevu kwa vidole, wakautia katika ungo, wakaubeba mpaka chini ya mti mahali safi, huku wakiomba msamaha kwa Mungu. Walikuwa kumi na zaidi, wamepiga magoti wanakwangua udongo. Mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwao na hakuna hata mmoja aliyemtazama.

Nilimbeba mtoto begani, nikamshika haboba mkono, nikamvuta jikoni. Hakuna mkwe aliyewahi kumvuta mama mkwe wake Lurujo, na naona hakuna mwingine mpaka leo.

"Ni dawa yangu," nilimwambia. "Niliitia mimi. Toka siku ya nne. Ile chupa yote ina vidonge vyangu."

Hakunielewa. Nikarudia. Nikaona maneno yakimwingia polepole, na nikaona pia yalipotangulia kufika: si kwa mtoto.

"Kwa hiyo sahani ya faki..."

"Haikufanya kitu, Mama."

Alikaa chini kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. Kisha akamshika mtoto kidevu, akamwita, akamchapa shavu kidogo, akamwita tena. Mtoto alipumua kwa kukoroma na shingo ikalala upande.

"Nakufa?" aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ya wageni wala ile nyingine.

"Sijui. Twende hospitali."

"Watauliza nakunywa nini."

"Watauliza."

Tukatazamana. Hapa ndipo ninapotaka kusema kwamba nilimnyakua mtoto nikakimbia barabarani. Nilibaki nimesimama. Nilifikiria mume wangu ameambiwa, nilifikiria talaka, nilifikiria jirani wa wanane na watu wa Oli wote. Yeye naye alifikiria faki, na sahani, na wanawake walioko nje. Wanawake wawili wazima, na baina yetu mtoto anayekoroma, na kila mmoja anahesabu aibu yake. Nimewadharau watu wengi maishani na wengi walistahili, lakini sijawahi kumdharau mtu kama nilivyotudharau sisi wawili jikoni pale.

Tulimnywesha kahawa nyeusi. Tulimwagia maji ya baridi kichwani. Tulimshika kila mmoja kwapa moja, tukamtembeza nyuma ya jiko, kwenda na kurudi, miguu yake ikiburuta vumbi, haboba akisoma kila dua aliyoijua na mimi nikimwita mtoto jina lake. Tulimtembeza tangu swala ya Ijumaa mpaka alasiri. Wageni walikula. Bwana harusi alikuja kuuliza kuna nini, mama yake akamfukuza kwa mwiko.

Alasiri alitapika, juu ya gurbaba ya haboba, nguo yake ya kiunoni iliyodariziwa kwa miezi sita, na akafungua macho, na akapiga kelele. Haboba akaangua kilio. Mimi nikakaa juu ya kuni.

Aliponawa uso alinipa hukumu, kwa sauti ya wewe.

"Hii maneno nakaa hapa. Mwanangu hapana sikia. Faki hapana sikia. Wewe narudi na mutoto yako, mimi hapana gusa tena. Fimbo hakuna."

"Na watu walioko nje?"

"Mimi naambia wao kichwa yako imeharibika. Dawa ya daktari." Akafikiri kidogo. "Na hiyo si uongo."

Akatoka, na nikamsikia akiwaeleza, binti yangu masikini, vidonge vimemtia wazimu, mwombeeni. Walisikitika, kisha redio ikawashwa. Ndivyo nilivyopata jina langu Koboko: yule aliyepiga kombe teke. Nililijibu nilipoitwa. Lilikuwa bei nafuu.

Kesho yake tulikaa kando ya barabara Koboko mjini kungoja gari. Waliotoka harusini walipita wakanitazama, wakamtazama mtoto, wakatikisa vichwa. Yeye alikuwa amerudi katika hali yake. Alirusha mawe kwa mbuzi, akarusha kwa baiskeli ya mtu, akapiga kelele moja ndefu iliyomfanya fundi cherehani afunge dirisha. Vidonge nilikuwa nimevifunga kwenye pindo la nguo, na mkono wangu ulikuwa umekwenda pale mara tatu.

Ghafla akaacha mawe. Akaja akasimama mbele yangu, karibu, jambo asilolifanya.

"Mama. Ile maji iko?"

"Maji gani?"

"Ile ya haboba. Ile nanyamazisha kelele."

Nilidhani anarudia maneno yetu, maana watoto husikia. Nilimuuliza kelele gani, yeye hakuelewa kwa nini ninauliza. Aliinua mkono, akagonga kichwa chake kwa kidole, hapa juu ya sikio, polepole, kama anayemwonyesha mgeni mlango.

Miaka saba nilikuwa nimeamini kwamba anayezisikia kelele zile ni mimi.

Nikamwambia maji yamekwisha.